Kinga ya upepo ya pikipiki si pambo



Kuna jambo ambalo wengi huliona dogo, lakini kwetu tunaoishi nyanda za juu ni suala la kufa na kupona. Jambo lenyewe ni kinga ya upepo ya pikipiki, yaani ile plastiki angavu inayofungwa mbele ya usukani ili upepo usimpige dereva kifuani.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi katika kijiji kimoja cha Wilaya ya Makete, Mkoa wa Njombe. Anayeijua Makete hahitaji kuelezwa habari za baridi. Mwezi wa Juni na Julai kuna asubuhi ambazo sakitu huwa imetanda juu ya majani. Hewa ikiwa na nyuzijoto 5, mtu aendaye kwa pikipiki mwendo wa kilomita 40 kwa saa huihisi usoni kama baridi ya nyuzi 1 chini ya sifuri. Vidole hufa ganzi, na kidole kilichokufa ganzi hakiwahi breki. Ndiyo maana utawaona vijana wetu wa bodaboda wamevaa makoti mbele nyuma, na wengine wameingiza maboksi kifuani. Hao ndio wanaowapeleka kina mama wajawazito zahanati usiku.

Pikipiki nyingi ndogo tunazozitumia huuzwa bila kinga hiyo. Kwa hiyo watu wanajitengenezea. Siwapingi hata kidogo. Mwananchi anayetatua shida yake kwa mikono yake anastahili sifa. Ninachokipinga ni kutengeneza kwa kubahatisha, na nasema hivyo kwa sababu mimi mwenyewe nilibahatisha.

Kinga yangu ya kwanza niliikata katika kipande cha plastiki kilichobaki kwa fundi wa mabango. Niliifanya ndefu hadi juu ya macho, nikidhani kwamba kadiri inavyokuwa kubwa ndivyo inavyofaa. Nikaifunga kwa waya sehemu mbili tu. Siku moja jioni nilikuwa narudi kutoka mjini, mvua ikanyesha. Matone yakajaa juu ya plastiki, taa za lori lililokuwa likija zikatawanyika mbele yangu, nisione kitu. Nilipoinua kichwa ili nichungulie kwa juu, nilimkuta mzee mmoja hatua chache mbele, akisukuma baiskeli yenye gunia la viazi. Nilimkwepa, nikaingia mtaroni. Plastiki ikapasuka vipande vyenye ncha kama vya chupa, kimoja kikanichana shavu. Mzee yule hakunitukana. Aliniuliza tu, "Mwalimu, hiyo umeiweka ili uone au usione?"

Swali hilo lilinirudisha kwenye karatasi na penseli. Naomba niwaeleze wenzangu niliyojifunza.

Kwanza, dereva anatakiwa kuona kwa juu ya kinga, si kupitia ndani yake. Kaa juu ya pikipiki kama unavyoendesha, mwenzako ashike boksi mbele yako na kuweka alama mahali ncha ya pua yako ilipo. Kinga isipande kupita hapo. Ikilazwa kidogo kuelekea nyuma, itaurusha upepo juu ya kichwa hata ikiwa fupi.

Pili, kata kigezo cha boksi kabla ya kuharibu plastiki. Kifunge, kisha zungusha usukani hadi mwisho kulia na kushoto. Kisiguse tangi, kisibane nyaya za breki na klachi, wala kisizibe taa.

Tatu, chagua plastiki inayofaa. Kioo cha dirisha kisitumike kamwe. Plastiki angavu ziko aina mbili zinazofanana kwa macho: akriliki, ambayo ikigongwa huvunjika, na polikaboneti, ambayo hupinda bila kuvunjika. Pinda kipande kidogo kilichobaki nawe utazitambua. Unene wa milimita 3 unatosha. Polikaboneti isafishwe kwa maji na sabuni, isiguswe na petroli, kwa maana petroli huidhoofisha.

Nne, ifungwe kwa bolti sehemu nne, si kwa waya sehemu mbili. Tundu liwe pana kidogo kuliko bolti, na katikati uweke mpira wa tyubu kuukuu, maana plastiki iliyobanwa bila mpira huanza kupasuka kwenye tundu. Kingo zote zipigwe msasa.

Tano, ijaribiwe kwa hatua mahali penye nafasi. Nguvu ya upepo haiongezeki sawasawa na mwendo. Mwendo ukiongezeka mara mbili, msukumo wa upepo huwa mara nne. Kinga iliyotulia kwenye kilomita 30 inaweza kuutikisa usukani kwenye 60. Ukiona usukani unatikisika, punguza mwendo taratibu, simama, kisha nenda ukaikate iwe ndogo zaidi.

Wapo watakaosema kwamba afadhali watu wazuiwe wasijitengenezee, wasubiri za dukani. Mimi sikubaliani nao. Ukimzuia kijana bila kumpa njia nyingine, atarudi kwenye boksi la kifuani na vidole vyenye ganzi, na abiria wake ndiye atakayeumia. Dawa ya kazi mbaya ni kuifundisha kazi nzuri.

SIDO iliundwa mwaka 1973 kwa ajili ya kuviendeleza viwanda vidogo, na vyuo vya VETA vina walimu wa ufundi. Natoa mwito kwao watoe kigezo kimoja cha kinga ya upepo kwa pikipiki ndogo, chenye vipimo, ambacho fundi yeyote wa kijijini anaweza kukifuata. Askari wetu wa usalama barabarani nao wakikitambua kigezo hicho, watajua ipi ya kuachwa na ipi ya kung'olewa.

Kwa walimu wenzangu nasema hivi. Tangu Mwalimu Nyerere alipoandika juu ya Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, tumeyarudia maneno hayo mara nyingi kuliko tulivyoyatenda. Mimi niliwapa wanafunzi wangu wa darasa la saba kigezo changu cha boksi wapime pembe na eneo lake. Wakagundua kwamba upande mmoja ulizidi mwingine kwa sentimita 2, kosa ambalo mimi sikuliona. Niliirekebisha kabla ya kukata plastiki, na kinga hiyo ndiyo ninayoitumia hadi leo.

Mwisho, tusidanganyane. Kinga ya upepo haichukui nafasi ya kofia ngumu, na haimpi mtu ruhusa ya kukimbia. Kazi yake ni kumwezesha dereva afike akiwa na vidole vinavyoshika na macho yanayoona.

Mwalimu wa Kijijini,
Makete, Njombe.