Elfu themanini za Premio

Nimekuwa kimya wiki kadhaa kwa sababu ya kazi (mteja aliyetaka mfumo mzima ugeuzwe siku mbili kabla ya kuuzindua, hadithi hiyo ngoja kwanza hasira zipoe). Leo naweka programu kando nizungumze juu ya magari, ingawa mtaona kwamba sijaenda mbali sana na yale ya kila siku.

Binamu yangu ana Toyota Premio ya mwaka 2004, injini ya 1500 cc. Kila Ijumaa jioni hutoka Nairobi kwenda Nakuru kwa mkewe na mtoto, na Jumapili usiku anarudi. Ameweka akiba shilingi 80,000, na juma lililopita akanipigia simu. "Kaka, wewe ni mtu wa kompyuta. Nataka hili gari liende. Ninunue nini?" Kumbe orodha tayari alikuwa nayo: rimu za inchi 17, bomba la moshi la kunguruma, kichujio cha hewa cha umbo la pia, taa nyeupe za zenoni, na "chipu" ya kuchomeka chini ya usukani inayoahidi kuongeza nguvu na kupunguza mafuta kwa wakati mmoja.

Nilimjibu kwa simu, lakini jibu langu lilikuwa la harakaharaka. Hili hapa ndilo refu.

Tuanze na hiyo chipu maana ndiyo iliyonichekesha, halafu ikaniudhi. Aliazima moja kwa rafiki yake, nami nikaifungua kwa bisibisi. Ndani mna kichakato kidogo cha bei ya peremende, vitaa vitatu na kitufe. Soketi ya uchunguzi ya gari ina pini 16. Pini ya 16 huleta umeme wa betri, ya 4 na ya 5 ni ardhi, na mazungumzo na kompyuta ya injini hupitia pini nyingine, kwa mfano ya 6 na ya 14 kwa magari yanayotumia mtandao wa CAN. Kwenye kile kidude, njia ya umeme na ya ardhi zilikuwepo. Sakiti ya kuzungumza na gari haikuwepo kabisa. Kilichokuwa kikifanya ni kuwasha na kuzima taa ili mwenye gari aone kuna kazi inaendelea. Ndugu zangu, mimi nimewahi kuandika programu yenye mstari wa kuonyesha maendeleo usiopima maendeleo yoyote, kwa hiyo najua mchezo huo ninapouona.

Wenzetu Marekani wana idara ya serikali ya mazingira, EPA, ambayo kwa miaka mingi imekuwa ikipima vifaa vinavyodaiwa kupunguza mafuta, zikiwemo sumaku za kufunga kwenye mpira wa petroli. Ni vichache mno vilivyoonyesha faida yoyote, na hata hiyo ilikuwa ndogo. Kama kungekuwa na kidude cha shilingi elfu mbili cha kupunguza mafuta kwa asilimia 30, Toyota wenyewe wangekifunga kiwandani na kutuuzia gari kwa bei ya juu zaidi.

Sasa nguvu. Injini ya 1NZ-FE iliyo kwenye Premio ile ilitoka kiwandani na nguvu-farasi 109 hivi. Lakini hizo 109 zilipimwa kwa hewa ya usawa wa bahari. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu, na mgandamizo wa hewa huku ni pungufu kwa kama asilimia 18. Injini isiyo na turbo huvuta hewa iliyoikuta, basi. Baridi ya Nairobi hurudisha kidogo, kwa kuwa hewa baridi ni nzito zaidi, lakini hesabu yangu inaniambia binamu anaendesha farasi 90 na ushei. Kwa maneno mengine, njia rahisi ya kuiongezea Premio nguvu ni kuteremka nayo Mombasa. Hakuna kichujio cha umbo la pia kitakachokupa farasi wengi kiasi hicho. Hicho mara nyingi hukupa sauti ya kuvuta pumzi, na kikifungwa vibaya kinavuta hewa moto ya karibu na injini, yaani umelipa pesa ili upoteze nguvu. Sikio linasikia kelele, na moyo unaamini kasi imeongezeka. Hakuna aliyepima.

Na hapo ndipo ugomvi wangu na biashara hii nzima ulipo. Sisi tunaoandika programu, mtu akija na kusema "mfumo ni mzito", hatuongezi kompyuta kwanza. Tunapima. Wapi panachelewa? Binamu nilimuuliza swali hilo hilo: wapi gari linakushinda? Akafikiri. Akasema kupanda kutoka Gilgil hakumsumbui sana. Kinachomsumbua ni kuteremka ukingo wa Bonde la Ufa nyuma ya malori, kanyagio la breki likianza kuwa laini kama sifongo, na usiku kutoona vizuri mvua ikinyesha. Kumbe shida yake haikuwa kwenda. Ilikuwa kusimama na kuona! Katika orodha yake yote, hakuna hata kitu kimoja kilichogusa kusimama, na kile cha kuona kingemharibia.

Hebu tupige hesabu kidogo. Nguvu ya mwendo ambayo breki lazima iigeuze kuwa joto huongezeka kwa mraba wa kasi. Kutoka kilomita 80 kwa saa hadi 110, kasi imepanda kwa asilimia 38 tu, lakini joto la kumezwa na breki limekaribia kuwa maradufu (110 gawanya kwa 80, zidisha kwa yenyewe, ni 1.89). Mafuta ya breki nayo yana tabia ya kunyonya unyevu taratibu. Yale ya DOT 3 yakiwa mapya lazima yastahimili angalau nyuzi 205 kabla ya kuchemka. Yakishanyonya maji, kiwango kinachotakiwa ni 140 tu. DOT 4 ni 230 na 155. Yakichemka yanatoa mapovu, na mapovu hubonyea, ndiyo maana kanyagio linakuwa sifongo. Nilimuuliza aliyabadilisha lini. Akaniuliza, "Kwani hubadilishwa?" Gari la miaka zaidi ya ishirini!

Kubadilisha mafuta ya breki ni kazi ya saa moja kwa fundi anayejua kutoa hewa, na bei yake haifiki hata robo ya bomba la kunguruma. Hakuna atakayekusimamisha barabarani kukusifia mafuta yako ya breki, nadhani ndiyo sababu hayauziki.

Rimu sasa. Hapa naongea kama muathiriwa, kwa sababu gari langu pia ni Premio, na miaka michache iliyopita nilinunua rimu za mtumba za Subaru Impreza. Muuzaji aliniambia, "Mkubwa, hizi zinaingia bila shida, nati tano kwa tano." Alisema kweli, na zikaingia. Zote mbili zina nati tano kwenye duara la milimita 100. Lakini tundu la katikati la Subaru ni milimita 56.1, na kitovu cha Toyota ni 54.1. Zile milimita mbili zinamaanisha rimu haikai juu ya kitovu, inaning'inia kwenye nati peke yake, na ikikosea katikati kwa unywele tu, usukani unatetemeka. Mimi ulianza kutetemeka kwenye kilomita 90, Thika Road. Nikapima uwiano wa magurudumu mara tatu, kila mara nikilipa. Nikabadilisha viungo vya usukani vilivyokuwa vizima. Mwisho mzee mmoja fundi akachukua kipimo chake cha chuma, akapima tundu, akacheka. Dawa ilikuwa pete nne za plastiki za kujaza nafasi ile, bei ya chakula cha mchana. Kwa lugha yetu, soketi inalingana lakini itifaki si moja. Kuingia si kufaa.

Kuhusu ukubwa wa tairi, hesabu ni rahisi na sijui kwa nini madukani haifanywi. Tairi ya 195/65R15 ina kipenyo cha milimita 634 na nusu. Ukivaa 215/45R17 unapata 625, pungufu kwa asilimia moja na nusu, si neno. Ukivaa 225/55R17 kwa sababu "inajaza", unapata 679. Hiyo ni nyongeza ya asilimia 7. Mshale ukikuonyesha 100 wewe uko 107, na odometa inahesabu kilomita chache kuliko unazokwenda, halafu unalalamika kwamba gari limeanza kula mafuta. Tena soma ubavuni: 91H maana yake tairi inabeba kilo 615 na imejaribiwa hadi kilomita 210 kwa saa. Tarakimu nne za mwisho wa msimbo wa DOT ni wiki na mwaka: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Nimeona tairi "mpya", bado ina vinyweleo vyake, ina umri wa miaka sita. Uliza, geuza, soma, usione haya.

Zenoni nitazipitia upesi. Kioo cha taa ya kawaida ya H4 kimechongwa kufuata mahali uzi wa balbu ulipo. Ukiweka kitu kinachowaka mahali pengine, mwanga unatawanyika, nawe unaona ukuta mweupe wa mvua mbele yako huku dereva wa lori anayekuja haoni chochote. Dereva huyo ndiye anayekujia na tani thelathini. Safisha vioo vilivyogeuka manjano, weka balbu nzuri za kiwango kile kile, panga urefu wa mwanga. Imekwisha.

Umeme ndio unaoniuma zaidi. Nilifungiwa redio ya kioo kikubwa na fundi ambaye sitamtaja. Siku tatu gari likakaa, halikuwaka. Nikachaji betri, siku tatu tena, kimya. Nikachukua mita nikaiweka kati ya betri na waya wake, gari limezimwa: miliampea 380. Gari lililolala linapaswa kunywa chini ya 50 hivi. Betri yangu ni ya ampea-saa 45, kwa hiyo inakauka kabisa kwa siku tano, na kuwasha injini kunashindikana kabla ya hapo. Nikaanza kuchomoa fyuzi moja moja, kama vile unavyozima sehemu za programu kutafuta mdudu, hadi nilipochomoa ya redio na mita ikashuka. Redio hizi zina waya wa manjano wa umeme wa daima, na mwekundu wa umeme unaokuja na ufunguo. Jamaa alikuwa ameunga zote mbili kwenye daima na kufunga kwa gundi ya karatasi. Redio haikuwahi kulala hata usiku mmoja. Nilitenganisha waya mbili, nikabaki na miliampea 22.

Tangu hapo nina sheria moja ninayoisimamia hata nikibishiwa: kifaa chochote kinachotaka kukata waya wa gari lazima kijieleze mara mbili. Rimu unaweza kuvua ukarudisha za zamani. Waya uliokatwa haurudi ulivyokuwa, na hakuna nakala ya akiba ya gari.

Sisemi wanaoongeza nguvu ni wajinga. Kuna vijana wa Subaru za turbo hapa Nairobi wanaofanya kazi hiyo kwa akili, wanapima kwa dainomita kabla na baada, wanaandika namba. Turbo kweli ina nafasi, hasa huku juu penye hewa haba. Lakini hata wao, ukisikia mtu amebadilishiwa programu ya injini, muulize ilipangwa kwa petroli gani. Magari hayo yakiuzwa Japani yanatarajia petroli ya daraja la juu, na kiwango cha huko kinataka oktani isiyopungua 96. Ukiongeza mgandamizo wa turbo na kuharakisha cheche juu ya mafuta dhaifu, injini inagonga, na pistoni inavunjika. Halafu bima: mweleze kampuni yako mabadiliko kabla ya ajali, maana baada ya ajali watayaona wenyewe.

Basi Jumamosi tulikutana na binamu. Tukachukua tairi nne za saizi ile ile ya kiwandani, tukizisoma tarehe moja moja mpaka kijana wa duka akachoka nasi. Pedi za mbele, mafuta ya breki ya DOT 4, balbu mbili, mipira ya waipa, na shokamzoba za nyuma zilizokuwa zimelia mwaka mzima. Jumapili usiku alinipigia akiwa amefika, akasema tu, "Kaka, limesimama." Nikajua anazungumzia nini.

Zimebaki shilingi 9,000. Ananiambia anataka kununua spoila. Sina pingamizi, mradi ni ile isiyo na taa.