Makontena ya kompyuta nayo yanahitaji mafundi wa Likasi

Hapa Likasi ukisema kontena, mtu anageuza macho barabarani. Ni yale yanayopita juu ya malori kutoka Kolwezi, yakielekea Lubumbashi na Kasumbalesa. Leo ninazungumzia makontena mengine, yale ya kompyuta. Nasema mapema ninachotaka: shule zetu zinazofundisha informatiki, na vijana wanaojifunza wenyewe nyumbani, waanze kuandika programu-jalizi za mtandao za makontena hayo. Najua ombi hili linasikika kama anasa katika mji ambako watu bado wanasubiri maji kwenye bomba. Nivumilieni kidogo.

Kontena la kompyuta ni programu iliyofungwa pamoja na vyote inavyohitaji, ili ifanye kazi vilevile kwenye mashine hii na ile. Docker ilieneza desturi hiyo kuanzia 2013. Mwaka uliofuata Google ikatoa Kubernetes, mfumo wa kupanga makontena mengi kwenye seva nyingi. Lakini kontena likizaliwa halina mlango. Limo katika chumba chake cha mtandao, haliwezi kuongea na jirani wala na dunia. Lazima livutiwe waya, lipewe anwani, lionyeshwe njia ya kutokea. Kubernetes haifanyi kazi hiyo yenyewe. Inaiachia programu ndogo inayofuata kanuni ziitwazo CNI, zilizoanzishwa na kampuni ya CoreOS mwaka 2015. Ukisikia majina kama Flannel, Calico au Cilium, ndiyo hayo.

Wengi wakisikia hivyo wanadhani ni kazi ya wataalamu wakubwa wa California. Sivyo. Programu-jalizi ya CNI ni faili moja linaloitwa na kuambiwa neno moja: ADD, yaani unganisha, DEL, yaani kata na urudishe anwani, CHECK, yaani kagua, na mengine machache. Inasoma maelezo yaliyoandikwa kwa JSON, inafanya kazi yake, inajibu kwa JSON, inazima. Wengi wanaiandika kwa Go, lakini hata bash inatosha kwa kujifunza.

Kinachonifurahisha zaidi ni kwamba kujaribu hakuhitaji seva kumi wala mega nyingi. Kompyuta moja ndogo yenye Linux inatosha. Kwa amri ya ip netns unatengeneza chumba kitupu cha mtandao, unaita programu-jalizi yako, unaona kama chumba kimepata waya. Mnakumbuka mwisho wa 2018, baada ya uchaguzi, intaneti ilipokatwa nchi nzima kwa karibu wiki tatu? Mwanafunzi mwenye vifaa hivi kwenye diski yake angeendelea na somo kila siku.

Basi tuje kwenye umeme, maana hapo ndipo jambo hili linatuhusu sisi kuliko wengine.

Kuna programu-jalizi ya kugawa anwani iitwayo host-local, inayotumika sana, na Flannel yenyewe huitegemea. Kila kontena likipewa anwani, host-local inaandika faili dogo kwenye diski: anwani fulani imechukuliwa na kontena fulani. DEL ikija, faili linafutwa. Safi kabisa, ikiwa mashine inazimwa kwa utaratibu. Lakini umeme ukikatika ghafla, makontena yanakufa bila kuaga. Mashine ikiwaka tena, mfumo unajaribu kufagia mabaki, lakini ikiwa daftari lake la makontena limeharibika pale umeme ulipokatika, hakuna tena anayejua aitie nani DEL. Faili linabaki. Anwani inahesabika imeshikwa na marehemu.

Mtandao wa kawaida wa makontena kwenye mashine moja una anwani 254, na moja ni ya lango. Hesabu mwenyewe: umeme ukikatika mara kadhaa kwa wiki, na kila mara anwani chache zikipotea, miezi haitakuwa mingi kabla kontena jipya halijagoma na kusema anwani zimekwisha, wakati makontena yaliyo hai hayafiki hata ishirini. Fundi atalaumu virusi, atalaumu kompyuta ya zamani, mwishowe atafuta kila kitu na kuanza upya.

Dawa ipo, tena nyepesi. Unaelekeza kabrasha la host-local kwenye /run, sehemu inayokaa kwenye kumbukumbu ya muda na kujifuta mashine ikizimika. Na katika toleo la 1.1 la kanuni za CNI, la mwaka 2024, liliongezwa neno jipya, GC, kwa ajili ya kuokota mabaki kama hayo. Tazameni tarehe: 2015 hadi 2024! Siwalaumu walioandika. Kwao umeme kukatika ni ajali ya nadra. Na neno kuwemo kwenye kanuni hakutoshi. Kila programu-jalizi inapaswa kulitekeleza, na mfumo unaoiendesha ulitumie. Kazi hiyo ingalipo, na sioni nani anaijua shida yake kuliko kijana wa Kikula ambaye kompyuta yake imezimika mara mbili tangu asubuhi.

Nitaulizwa: nani atalipa? Siahidi mtu kazi kesho. Kampuni za madini, benki na za simu zilizopo Katanga zina seva, na mtu anayejua kwa nini seva imekosa mtandao hapotezi muda wake. Lakini hata bila wao, mji huu uliundwa na mafundi. Wazee wetu wa Shituru na wa karakana za Panda hawakungoja mashine ziletwe zikiwa na majibu yote. Walizifungua, wakachonga kipuri kilichokosekana. Vijana wetu tunawafundisha kutengeneza kurasa za wavuti na kuishia hapo. Kurasa ni nzuri, ila ni rangi ya ukutani.

Kwa mwalimu atakayekubali, zoezi la kwanza ni hili. Mwanafunzi aandike programu-jalizi ya mistari mia, iunganishe vyumba viwili vya mtandao vipigiane ping. Kisha achomoe betri na waya wa umeme kazi ikiwa inaendelea, awashe tena, na aandike ukurasa mmoja: nini kimebaki kwenye diski, na nani alipaswa kukifuta.