Mondo Ahesabiwe Kabla ya Vinamasi Kukauka

Wahenga walinena kwamba maji yakimwagika hayazoleki. Usemi huu wafaa kuwazindua wakazi wa Kisii na Nyamira, ambako vinamasi vya mabondeni vinazidi kugeuzwa mashamba, misitu ya mikaratusi na mashimo ya kufyatulia matofali.

Hatupuuzi dhiki ya ardhi. Sensa ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba Kaunti ya Kisii ina zaidi ya watu 950 katika kila kilomita mraba. Mwenye kishamba kidogo akitazama kinamasi huona ekari iliyolala bure. Hapo ndipo anapokosea. Kinamasi hufyonza maji ya masika na kuyaachilia polepole wakati wa kiangazi, na hivyo kuilisha mito kama Gucha, ambao huanzia milima ya Nyamira na kuishia Ziwa Victoria.

Tena kinamasi ni makao. Miongoni mwa wanyama wapendao mazingira hayo ni mondo, paka wa mwituni mwenye miguu mirefu, masikio makubwa na madoa meusi. Husikiliza panya akitembea ndani ya nyasi, kisha huruka juu na kumwangukia. Kwa kuwa panya ndio chakula chake kikuu, humwondolea mkulima mwizi wa mahindi bila kudai ujira. Ni kweli kwamba mara nyingine hunyakua kuku, na kwa kosa hilo huuawa. Dawa ya hilo ni banda madhubuti, wala si mkuki.

Barani Afrika kwa jumla mondo hajafikia hatari ya kutoweka. Lakini mnyama huweza kutoweka wilaya baada ya wilaya, kimyakimya, huku takwimu za bara zikiendelea kutuliwaza. Ndege zilizotumika katika sensa ya kitaifa ya wanyamapori mwaka 2021 zafaa kuhesabia ndovu na nyati mbugani, si paka anayejificha mateteni usiku. Huyu hutafutwa kwa nyayo, kwa kinyesi, kwa kamera zinazojipiga zenyewe na kwa kuwauliza wazee.

Mwaka 2009 Waziri wa Mazingira, marehemu John Michuki, aliagiza mikaratusi ing'olewe kandokando ya vyanzo vya maji. Hadi leo ingali imesimama katika mabonde mengi. Amri bila wananchi wenye kuielewa ni maneno matupu.

Ndiyo sababu twawageukia walimu na wanafunzi. Vilabu vya wanyamapori vimekuwa katika shule zetu tangu mwaka 1968. Navianze na kinamasi kilicho karibu, kiwe Sironga au kingine kisicho na jina ramanini: vichore mipaka yake, viandike nyayo zilizoonekana na tarehe zake, kisha viwasilishe daftari hilo kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori na kwa serikali ya kaunti. Nazo serikali za kaunti zisiruhusu kinamasi chochote kukaushwa kabla ya ukaguzi huo.

Itakuwa aibu iwapo mtoto wa Gusii atamjua mondo kwa kinyago cha mawe ya Tabaka pekee.