Mwanasesere Gizani: Mchezo au Masimulizi?

Mtu mzima akionekana amelala kifudifudi nyasini usiku, kurunzi mkononi na kamera mbele yake, akimpiga picha askari wa plastiki mwenye kimo cha kidole, aghalabu watu humcheka. Husema amerejea utotoni. Makala haya yanapinga dharau hiyo. Rai yangu ni kwamba kupiga picha vichezeo nje wakati wa usiku ni aina ya masimulizi, na kwamba sisi wanafunzi wa fasihi tunapaswa kuisoma na kuitunga.

Tuanze na giza lenyewe. Mchana, kila kilicho jirani na kichezeo hukisaliti: ukuta, kiatu, ndoo. Usiku huvificha vipimo hivyo. Taa ikisogezwa kutoka sentimita 20 hadi sentimita 40, mwanga unaokifikia kitu hupungua hadi robo. Kwa hivyo, kurunzi ndogo iliyowekwa karibu humwangaza mwanasesere na majani machache tu. Yaliyo nyuma humezwa na weusi. Kamera ikishushwa hadi usawa wa macho yake, unyasi hugeuka mti, kokoto hugeuka jabali na dimbwi likawa ziwa. Isitoshe, mwanasesere hapepesi macho wala hachoki. Anaweza kusimama mbele ya lenzi sekunde 30 nzima huku mwanga hafifu ukikusanywa, jambo linalomshinda binadamu. Adui mkubwa ni umande. Tone lake halikubali kupunguzwa: likitua kwenye kofia ya askari huyo, huonekana kubwa kama kichwa chake, na siri yote ikafichuka.

Mwanafunzi wa fasihi simulizi hatakuwa mgeni hapa. Katika jamii zetu nyingi ngano zilitambwa usiku, kazi za mchana zikiisha, na watoto walionywa wasizitambe jua likiwaka. Fanani aliposema "Paukwa!" na hadhira ikaitikia "Pakawa!", wote walikubaliana kuingia katika ulimwengu ambamo sungura husema. Duara la mwanga wa kurunzi hufanya kazi iyo hiyo. Humwambia mtazamaji: nje ya duara hili kuna maisha ya kawaida, ndani yake mna hadithi.

Wapo watakaosaili: je, picha si ushahidi? Kumfanya mwanasesere aonekane mtu si uongo? Hoja hii ina uzito, hasa leo ambapo programu za akili unde huunda picha za matukio ambayo hayakutukia. Lakini kazi bora za sanaa hii hazimfichi mwanasesere milele. Mwaka 1977, Wamarekani David Levinthal na Garry Trudeau walichapisha kitabu Hitler Moves East, ambamo askari wa kuchezea wanasimulia uvamizi wa Ujerumani dhidi ya Muungano wa Kisovieti. Picha zenyewe zina ukungu. Mtazamaji hushtuka kwanza kwa kudhani ameona vita, kisha hushtuka tena anapotambua plastiki. Mshtuko huo wa pili ndio funzo: humwonyesha jinsi alivyo mwepesi wa kusadiki picha.

Fauka ya hayo, kichezeo hubeba yale yasiyosemeka. Mpigapicha Brian McCarty, katika mradi wake wa WAR-TOYS, huwategemea watoto walioonja vita. Wao huchora waliyoyaona, naye huyasawiri kwa vichezeo katika mazingira yale yale, nje, bila kumrejesha mtoto yeyote kwenye hatari. Nani atauita huu mchezo mtupu?

Pingamizi la mwisho ni kwamba huu ni uigaji wa mambo ya kigeni. Sikubaliani nalo. Mtoto wa Kenya amefinyanga ng'ombe wa udongo, amepinda waya ukawa gari, amelivisha gunzi la hindi kitambaa likawa mwana. Vichezeo hivi huvunjika na kutupwa kabla havijasimuliwa. Usiku mmoja chini ya mwembe, kurunzi moja na kamera ya simu iliyoegemezwa jiweni ili isitikisike, vyatosha kuvipa maisha marefu zaidi.

Kwa hivyo napendekeza hivi: mwanafunzi wa fasihi simulizi anayewasilisha mfululizo wa picha kumi za vichezeo, pamoja na masimulizi aliyoyatunga kwa Kiswahili sanifu, atathminiwe kwa uzito sawa na mwenzake aliyeandika hadithi fupi. Wahadhiri wetu wamhoji kuhusu wahusika, mandhari, msuko na mtazamo, kama wanavyohoji utungo wowote. Atakayejibu maswali hayo atakuwa amejifunza kutunga, na atakuwa amejifunza pia kuzisoma picha zinazomzingira kila siku bila kuzisujudia. Hilo la pili ndilo tunalolihitaji zaidi.