Linda Tumbo la Trekta Ndogo

Katika Marekani ya Kaskazini, kama vile jimboni Vermont, jamaa nyingi hupasha nyumba zao joto kwa kuni wakati wa baridi kali. Wenye msitu wao hukata kuni wenyewe, na wengine huzivuta hata nyumbani kwa trekta ndogo ya bustani.

Lakini trekta hiyo haikuundwa kwa kazi ya msitu. Kiwanda cha John Deere kilipotoa trekta yake ya kwanza ya namna hiyo, ile 110 ya mwaka 1963, kiliikusudia kwa nyasi na bustani. Tumbo lake li karibu na ardhi. Ndiyo maana gogo zito si adui yake wa pekee. Kijiti kidogo njiani chaweza kuiharibu zaidi.

Tuangalie jinsi mambo yanavyotokea. Tairi la mbele hukanyaga ncha moja ya kijiti. Ncha ya pili huinuka na kuingia chini ya trekta. Hapo ndipo ulipo ukanda wa mpira unaopeleka nguvu ya injini kwenye sanduku la gia. Kijiti huung’oa au huukata. Tena, katika trekta nyingi, juu ya sanduku hilo pana feni ndogo ya kupoza mafuta. Kijiti kikivunja mapanga yake, dereva hasikii neno. Huendelea kuvuta, mafuta yanazidi joto, nguvu inapungua, na mwisho sanduku lote linaharibika. Kwa trekta kuukuu, kulitengeneza kwaweza kupita bei ya trekta yenyewe.

Basi, mwenye trekta afanye nini?

Kwanza, asafishe njia. Miti midogo aikate sawasawa na ardhi, wala si kwa mshazari, kwa maana kisiki chenye ncha hutoboa tairi.

Pili, afungue mashine ya kukatia nyasi iliyo chini ya tumbo, aiache nyumbani.

Tatu, afunge chini bamba la chuma, unene wa milimita 3 hivi, lililopindwa juu upande wa mbele ili lipande juu ya mawe. Alifunge kwa bolti, asilichomelee, apate kulitoa kwa urahisi. Lisizibe njia ya hewa wala tundu la kumwagia mafuta. Naye aangalie: bamba hukusanya majani makavu, na majani karibu na bomba la moshi huweza kushika moto. Asipolisafisha, kinga yake itageuka hatari.

Nne, gogo alifunge kwenye chuma cha kuvutia kilicho chini, nyuma ya trekta, kamwe asilifunge juu ya ekseli. Gogo likikwama nalo limefungwa juu, trekta huinuka mbele na kumwangukia dereva kabla hajawahi kuruka. Ukanda hununuliwa dukani. Baba wa jamaa hanunuliwi.

Kazi ikiisha, azime injini, aiache ipoe, kisha ainame atazame chini, atoe kila kijiti. Ni kazi ya dakika chache. Wahenga walisema: mdharau mwiba mguu huota tende. Nawe mwenye pikipiki au motokaa katika njia za mawe, umetazama lini chini ya chombo chako?