Sheria ni ya yule tunayemchukia pia



Hapa Fordsburg, ukitoka sala ya Ijumaa ukashuka Mint Road, mazungumzo hayakosi Gaza. Tangu Afrika Kusini ilipoishitaki Israel mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki tarehe 29 Disemba 2023, wenyeji wetu wanatembea vifua mbele, na sisi wageni tunajivunia pamoja nao. Ni haki yao. Lakini mimi kila nikisikia sifa hizo humkumbuka Mzanzibari mwenzetu, Khalfan Khamis Mohamed.

Kwa waliosahau: tarehe 7 Agosti 1998 mabomu yalilipuka kwenye balozi za Marekani Nairobi na Dar es Salaam, yakaua watu zaidi ya 200, wengi wao Waafrika wasiokuwa na ugomvi na mtu. Khalfan alikimbilia Cape Town, akaishi kwa jina la uongo na kuomba hifadhi. Tarehe 5 Oktoba 1999 alikamatwa alipokwenda kushughulikia kibali chake. Haukupita muda akakabidhiwa kwa FBI na kupelekwa New York. Hakuna jaji aliyeulizwa.

Kesi ikafika Mahakama ya Katiba. Tarehe 28 Mei 2001 majaji walisema kwa kauli moja kwamba serikali imevunja sheria. Kama ni kumfukuza mgeni, kwao ni Tanzania, si Marekani. Na nchi iliyofuta adhabu ya kifo mwaka 1995 haiwezi kumtoa mtu kwa nchi inayoweza kumuua bila kwanza kupata ahadi kwamba hatouliwa. Ujerumani ilikwishapata ahadi kama hiyo mwaka 1998 ilipomtoa mshitakiwa mwenzake, Mamdouh Salim.

Siku ya pili yake, huko New York, Khalfan alikutwa na hatia. Mwezi Julai jopo la raia lilishindwa kukubaliana kumuua, akapewa kifungo cha maisha.

Mtaniuliza, waliokufa Dar walipewa jaji gani? Hawakupewa, na ndiyo maana tunamwita aliyewaua mhalifu. Serikali ikifanya kama yeye, tutaiitaje? Hukumu ile ina uzito kwa sababu ilimlinda mtu mwenye hatia. Kumlinda unayempenda hakuhitaji sheria.

Wala tusidanganyane kwamba serikali ya hapa ni ya malaika. Juni 2015 Omar al-Bashir alikuja Sandton kwenye mkutano wa Umoja wa Afrika, akiwa anatafutwa na ICC. Mahakama ikaamuru asiondoke, naye akaondoka. Machi 2016 Mahakama ya Rufaa ikasema serikali imekosa. Kwa hiyo kinachoipa nchi hii uso wa kusimama Hague si usafi wa watawala wake. Ni majaji wanaothubutu kuwaambia watawala hao, "Hapa mmekosa."

Je, kwetu? Mwanzoni mwa 2007 Kenya iliwapakia watu kwenye ndege za Somalia, Wakenya wenyewe wakiwemo, na wengi wakaishia jela za Ethiopia. Novemba 2024 Dk. Kizza Besigye alitoweka Nairobi, akaonekana siku nne baadaye katika mahakama ya kijeshi Kampala. Mpaka ulivukwa bila jaji, tukapiga kelele kidogo kisha tukarudi kuilaani Israel. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu!

Nasema haya si kwa raha ya kubishana. Jina langu ni la Kiislamu, kwetu ni Zanzibar, na mfukoni nina kibali chenye tarehe ya mwisho. Nikikaa foleni kukihuisha, najua kwamba siku nikishukiwa kwa uongo, ngao yangu itakuwa ileile aliyonyimwa mwenye hatia. Hakuna ngao mbili.

Basi tunapowapongeza Afrika Kusini kwa Gaza, tuzidai serikali zetu za Afrika Mashariki jambo moja dogo: asivushwe mtu mpaka, awe mpinzani au gaidi, bila kwanza kusimamishwa mbele ya jaji. Tukishindwa kulidai hilo Nairobi, Kampala na Dar, tutalidai Hague kwa mdomo upi?

Wabillahi tawfiq.