Mchimbaji mgeni afunzwe kabla hajashika zebaki

Mtu akiajiriwa kuendesha mashine kiwandani hapa Kisumu, angalau huonyeshwa mahali pa kuizimia. Lakini kijana au mama anayeingia kazi ya kusafisha dhahabu kule Nyatike, Kaunti ya Migori, mara nyingi hupewa karai na zebaki, akaambiwa amtazame mwenzake. Hayo ndiyo mafunzo yake. Kwa maoni yangu, huko ni kurithishana sumu.

Mgodi mkubwa wa Macalder, uliotoa shaba na dhahabu, ulifungwa mwaka wa 1966. Wanaotafuta dhahabu iliyosalia ni wachimbaji wadogo, ambao hawana afisa wa usalama wala daktari wa kampuni.

Mawe husagwa, unga ukaoshwa, kisha zebaki huchanganywa kwa mikono mitupu ili inase chembe za dhahabu. Donge hukamuliwa kwa kitambaa na kuchomwa. Zebaki hupaa, dhahabu ikabaki. Hapo ndipo penye hatari kubwa, na ndipo mgeni asipoambiwa neno. Mvuke ule hauna rangi wala harufu, wala hauwashi macho kama moshi wa kuni. Kumbe hupitia mapafuni hadi kwenye ubongo na figo. Baada ya muda mikono hutetemeka, usingizi hutoweka, mtu akawa msahaulifu. (Majirani watadhani ni chang'aa.) Kwa mama mjamzito, sumu humfikia mtoto tumboni. Leso puani haizuii kitu. Na donge likichomewa nyumbani, watoto nao huuvuta mvuke huo.

Mkataba wa Minamata, ambao Kenya iliuridhia mwaka wa 2023, unataka uchomaji wa wazi na ule wa kwenye makazi ukomeshwe. Ni vyema, lakini mkataba hauwezi kumfunza mtu kazi.

Kuna chombo cha chuma chenye kifuniko na bomba, ambacho huunasa mvuke na kuurudisha kuwa zebaki. Mwalimu mwerevu angeanzia hapo, kwa kuwa zebaki hununuliwa na hakuna apendaye kuona pesa zake zikipaa hewani. Kisha aeleze vumbi la mawe, ambalo huharibu mapafu na kumrahisishia kifua kikuu kazi. Mawe yakisagwa yakiwa na maji, vumbi hupungua sana.

Nimesikia hoja kwamba mwenye njaa hana muda wa darasa. Hayo niliyoyataja hayazidi asubuhi moja. Tatizo ni mahali. Semina ya hoteli mjini humfikia mwenyekiti wa kikundi, si mama anayeosha unga. Darasa liwe pale kwenye kinu, kwa Kidholuo, na mwalimu awe mhudumu wa afya ya jamii, ambao serikali ilizindua 100,000 kote nchini mwaka wa 2023.

Msomaji wa Kisumu asidhani haya hayamhusu. Mto Kuja humwaga maji yake ziwani. Zebaki ikifika kwenye matope, vijidudu huweza kuigeuza kuwa aina inayokusanyika mwilini mwa samaki, hasa wakubwa walao wenzao, kama mbuta. Wakazi wa Minamata, Japani, ambako ugonjwa huo ulitambuliwa mwaka wa 1956, hawakufanya kazi ya zebaki. Walikula samaki tu.

Kaunti ya Migori ianze na akina mama wanaoosha na kuchoma, na mwenye kinu asimpokee mgeni yeyote ambaye hajapitia asubuhi hiyo moja.